Mafuta ya Nyonyo Kwenye Komeo

Vijana mliobaki kwenye chumba cha chapa mmeniomba niandike niliyoyaona kazini kabla kumbukumbu hazijaanza kuvuja. Nimekubali, ila msinisahihishe. Habari za mshahara na vyeo nitaziruka. Zilikuwa fupi hata wakati ule. Nitaandika zaidi juu ya kitabu kimoja chembamba nilichokitunga na kukipanga kwa mikono yangu mwenyewe, ambacho kilikaribia kumnyang'anya mtu shamba lake.

Nilifika misheni kwa miguu kutoka Hasamba, nikiwa na barua ya mwalimu wangu iliyosema nina mwandiko mzuri. Msimamizi wa chapa alikuwa Mzee Yesaya, mtu wa ng'ambo ya mto Songwe, upande wa Nyasa, aliyejifunza kazi hiyo huko kwao. Aliisoma barua, akaikunja, akasema, "Mwandiko hapa hauna kazi, kijana. Hapa hatuandiki, tunapanga."

Siku hiyo hiyo nikaangusha kisanduku cha herufi. Herufi za risasi zilitapakaa sakafuni mpaka chini ya mashine. Mzee Yesaya hakunigombeza. Aliniletea kigoda, akaniambia nizirudishe moja moja kwenye vyumba vyake. Ilinichukua siku tisa, na ya kumi nilikuwa naweza kuitambua herufi kwa kidole nikiwa nimefumba macho. Mpaka leo nashuku kwamba kisanduku kile kiliwekwa ukingoni makusudi.

Shida yetu kubwa ilikuwa herufi a. Visanduku vililetwa kutoka Ulaya vikiwa vimejazwa kwa mahitaji ya lugha za huko, na lugha hizo hazili a kama Kiswahili kinavyozila. Ukipanga "baba alikaa akangoja" umeshapunguza kisanduku. Kwa hiyo tulipanga kurasa nne, tukazichapa, tukazivunja, ndipo tukapata herufi za kupanga nne nyingine. Ukurasa ukishavunjwa haurudi. Ukikumbuka kesho kwamba umekosea jana, pole yako.

Kwa miaka mingi nilipanga maneno ya watu wengine: Injili, vitabu vya nyimbo, vyeti vya ubatizo, matangazo ya kuchanja ng'ombe. Watu wakazoea kuona msalaba wetu mdogo kwenye jalada, nao wakazoea kwamba kilichopigwa chapa misheni hakibishwi. Sisi tuliufurahia uzoefu huo. Hakuna fundi anayechukia kuaminiwa.

Baada ya vita vikuu vya pili shule zikawa zinalia vitabu vya kusoma. Watoto wa Ihanda walikuwa wanasoma habari za theluji. Ofisi ya shule ikaomba kijitabu cha habari za kale za huku kwetu, na Mzee Yesaya akanigeukia mimi. "Wewe una maneno mengi mdomoni," akasema. "Yashushe kwenye karatasi tupumzike."

Nikachagua vita ambavyo kila nyumba ya kwetu inavijua, ila huzungumzwa kwa sauti ya chini, kwa sababu vilikuwa vya wenyewe kwa wenyewe. Zamani, kabla Wajerumani hawajafika, Mwene mmoja, yaani chifu wa kwetu, alikufa akaacha wana wawili. Mkubwa akabaki ndani ya boma, na boma la siku zile lilikuwa ukuta wa magogo, handaki kuuzunguka, na mlango mmoja. Mdogo akatoka na nusu ya watu, kisha akarudi nao kupigana. Siku mbili hawakuweza kuingia. Siku ya tatu, adhuhuri, mlango ukafunguka kutoka ndani, na waliokuwamo wakauawa karibu wote. Nani aliyeufungua hakuna aliyejua. Lakini mlango ulilindwa na ukoo mmoja, na aibu ikaukalia ukoo huo mpaka wakati wangu. Mahali penyewe sitapataja. Watu wanalima pale.

Mswada wangu wa kwanza ulikuwa na kurasa arobaini. Mzee Yesaya aliusoma kwa penseli nyekundu mkononi, akasimama kwenye mstari uliosema damu ilitiririka kama mto.

"Umewahi kuona damu?" akaniuliza.

"Ya mbuzi, Mzee."

"Ilitiririka kama mto?"

"Hapana. Iliganda."

"Basi." Akaufuta. "Mikuki umeitaja kila ukurasa. Maji umeyataja wapi?"

Sikuwa nimeyataja popote.

"Watu wamefungiwa siku tatu kwenye jua la mwezi wa kumi, na hakuna aliyesikia kiu? Wewe hujaona vita, mwanangu. Mimi pia sijaviona. Lakini kiu tunaijua wote wawili. Anzia pale unapojua." Kisha akaniambia jambo ambalo nawaachia ninyi. "Ukimpata aliyekuwepo, usimwulize vita vilikuwaje. Atakupa hotuba. Mwulize walikula nini."

Aliyekuwepo alikuwa mmoja tu niliyemjua, Bibi Ana wa Isansa, aliyeingizwa bomani akiwa mtoto wa kama miaka saba. Nilimwendea mara sita. Nilimkuta akichambua maharage, nami nikachambua naye, daftari gotini. Nilimwuliza walikula nini. Akasema walitafuna ulezi mbichi, kwa kuwa maji ya kupikia uji hayakuwapo. Nilimwuliza kelele za vita zilikuwaje, akacheka.

"Kelele gani? Walikuwa wanasalimiana, mjukuu wangu. Si wanajuana? Wa nje anaita, 'Shemeji, mtoto amepona homa?' Wa ndani anamjibu, 'Amepona.' Halafu mkuki unakuja."

Akanipa na jambo jingine. Siku ya pili washambuliaji walitoboa ukuta upande wa kisima, kilichokuwa nje, wakawa karibu kuingia. Mama mmoja, aliyebanwa na kiu, akatokea pale pale na mtungi wake, uso kwa uso na kijana aliyewaongoza. Kijana yule alikuwa amemwoa binti yake. Kwetu mkwe hatazamwi usoni. Kijana akageuka, akajifunika kwa ngao, na wenzake nyuma yake wakasimama wakitazama chini, mpaka mama akateka maji akarudi ndani. Walipoinua macho, tundu lilikuwa limezibwa kwa magogo na miili ya watu.

Mara ya sita ndipo nilipouliza juu ya mlango. Bibi Ana aliacha maharage. Alijibu kwa Kinyiha, lugha yetu ya nyumbani, nami niliandika kama alivyosema: "Mlango sikuuona. Nilikuwa chini ya ghala na mdogo wangu. Nilimziba mdomo asilie, wasitusikie. Walipokuja kututoa, alikuwa kimya, na hakuamka tena."

Nikaandika, nikashukuru, nikafunga daftari. Njiani nilikuwa nawaza mlango.

Sasa niwaeleze nilivyofanya, maana hiyo ndiyo kazi yenyewe. Habari ya mdogo wake niliiacha. Nilijiambia ni nzito kwa watoto wa shule, na kweli ilikuwa nzito, lakini sababu nyingine ni kwamba ilisimamisha mwendo wa vita pale nilipotaka vikimbie. Kiu nilikuwa nayo, na salamu, na mama mkwe. Mlango ulikuwa hautaki kufunguka. Niliandika "mlango ukafunguliwa" mara nyingi, na kila mara nilisikia mwalimu akisoma, si komeo likisogea. Ndipo asubuhi moja, nikiwa natia mafuta ekseli ya mashine, nikaona. Mlinda mlango, mtu mfupi, mafuta ya nyonyo kwenye kibuyu kidogo, anapaka gogo la komeo ili lisilie. Mikono inamtetemeka. Mafuta yanamtiririka hadi kiwikoni. Nilipoandika mafuta, mlango ukafunguka.

Niliwasomea wenzangu kazini. Aliyekuwa anazungusha rola aliisimamisha hewani mpaka wino ukaanza kudondoka. Mzee Yesaya akaweka penseli chini.

"Ya mafuta nani amekupa?"

"Nimetunga."

"Nilijua. Ni mazuri mno kuwa ya kweli." Akanyanyua kidole. "Mwisho wa kitabu uandike mstari mmoja: mengine humu yametungwa na mwandishi. Usisahau."

Sikusahau. Niliupanga mstari huo kwa mkono wangu. Lakini wiki ile Mzee Yesaya alivuka mto kwenda msibani kwao, nami nilibaki peke yangu na kurasa nne za mwisho. Ukurasa wa mwisho ukazidi kwa mstari mmoja. Ningeweza kukata mahali kwenye vita, lakini kila sentensi ya vita nilikuwa naipenda. Nikautoa mstari wa Mzee Yesaya. Kurasa zikachapwa, zikavunjwa. Jalada tulitumia lile lile la kitabu cha nyimbo, lenye msalaba, kwa kuwa lilikuwa limekwisha pangwa.

Jina la mlinda mlango sikuliandika, nikadhani hiyo ni busara. Mahali ambapo kila mtu anajua ukoo upi ulilinda mlango, kuficha jina ni kujificha nyuma ya bua la mhindi.

Kitabu kilipendwa. Sitajifanya sikufurahi. Nilisimamishwa njiani na watu nisiowajua. Wengi waliniambia kwamba ile ya mama mkwe nilitia chumvi, haiwezekani vita vikasimama kwa ajili ya mtungi wa maji. Ya mafuta hakuna hata mmoja aliyeitilia shaka. Mtu mmoja alinionyesha mnyonyo wenyewe yalikotoka mafuta, na mti ule ulikuwa hauzidi miaka mitatu. Bibi Ana naye alikuwa na mjukuu aliyesoma, na nilisikia kwamba kila jioni humwomba amsomee. Nilijisikia nimemlipa fadhila.

Miaka minne ikapita. Siku moja akaja Lazaro kwenye chumba cha chapa. Alikuwa mkulima wa ukoo wa mlango, mtu mpole, mwenye kahawa bondeni, na mwaka ule ndio matunda yalikuwa yameanza kuiva mekundu. Alisimama mlangoni na kofia mkononi.

"Fundi, Eliya amenishitaki barazani."

Eliya namfahamu, wa uzao wa waliouawa bomani, shamba lake linapakana na la Lazaro. "Anataka nini?"

"Bonde. Anasema ardhi ile ni ya wazee wake, sisi tuliachwa pale kwa huruma tu, na mtoto wa msaliti hana ardhi. Wazee wakamwuliza ushahidi uko wapi. Akatoa kitabu chako. Nani alikuambia habari za mafuta?"

"Hakuna, Lazaro. Nilitunga."

Alikaa juu ya bunda la karatasi. Nilidhani atanitukana, na ningeshukuru.

"Wanangu huko shuleni wanaitwa Mafuta," akasema. "Wote watatu. Nilikuwa nawapiga wakirudi wanalia, nawaambia nyamazeni, ni kweli, imeandikwa." Akainuka. "Njoo ukawaambie wazee hayo uliyoniambia mimi."

Baraza lilikaa asubuhi, na watu walijaa mpaka nje. Mwene alikaa mbele na wazee wake wanne, karani pembeni. Eliya alikishika kitabu kwa mikono miwili kama mtu anayepokea sakramenti. Karani akaamriwa asome ukurasa wa mlango. Alisoma vizuri. Watu waliacha hata kukohoa. Alipofika kwenye kiwiko, mama mmoja nyuma akaguna kwa uchungu. Lazaro alikuwa ameinamisha kichwa, na mimi, Mungu anisamehe, nilisikia fahari kifuani.

Nikasimama. "Mwene, ukurasa huo nimeutunga mimi. Hakuna aliyeniambia."

Wakanong'ona. Mzee mmoja wa baraza akakigeuza kitabu. "Msalaba huu ni wa nani?"

"Wa misheni, baba."

"Misheni wanachapa uongo?"

"Si uongo, baba. Ni hadithi."

"Hadithi ni za sungura na fisi. Hizi ni habari za baba zetu. Umeandika jua lilipokuwa, umeandika ulezi mbichi, umeandika mtu alikuwa mfupi. Mtu anatunga ufupi?"

Nikaeleza habari za mstari. Nilisema ulikuwepo, ulisema wazi kwamba mengine yametungwa.

"Uko wapi?"

"Niliutoa."

"Kwa nini?"

"Haukuenea, baba."

Hata mimi nilisikia jinsi jibu hilo lilivyokuwa dhaifu. Watu walicheka. Eliya akasema kwa sauti, "Amekwisha kuahidiwa kahawa huyo," na kicheko kikaongezeka. Kisha akasema, "Mwene, kama kitabu hakitoshi, aliyekuwamo ndani ya boma yuko hai. Nimemleta."

Wakamwingiza Bibi Ana. Alipiga magoti juu ya mkeka, akapiga makofi polepole kumsalimu Mwene, akakaa. Mwene akamwuliza kwa heshima kama aliuona mlango ukifunguliwa.

"Niliuona," akasema. "Alikuwa mtu mfupi. Alikuwa na kibuyu kidogo cha mafuta ya nyonyo. Mikono ilimtetemeka, mafuta yakamtiririka hadi kiwikoni. Niliyaona kwa macho yangu haya."

Ilikuwa sentensi yangu, neno kwa neno. Na hakuwa anasema uongo. Nimewaona waongo wengi, hutazama pembeni. Yeye alinitazama mimi, tena kwa upendo, kama bibi anayemsaidia mjukuu aliyekwama. Jioni zile zote za kusomewa, mlango wangu ulikuwa umeingia ndani yake ukakaa mahali pa kitu kingine, na mimi nilikijua kitu hicho kuliko mtu yeyote pale barazani.

Daftari lilikuwa mfukoni. Nilikuwa nimelileta nikidhani nitaonyesha nilivyofutafuta maneno. Nilimtazama Lazaro. Alikuwa amefumba macho. Nilimtazama Bibi Ana aliyekuwa ananitabasamia. Nikalitoa daftari. Ningenyamaza, bonde lingekwenda na watoto watatu wangeondoka pale na jina walilopewa. Ningesoma, ningemfanyia mzee wa watu jambo ambalo hata leo sijui lina msamaha gani.

"Fundi," akasema Mwene, "una neno lingine, au nikate shauri?"

"Ninalo, Mwene. Ni maneno ya Bibi mwenyewe, kabla sijaandika kitabu."

Nikasoma kwa Kinyiha. Mlango sikuuona. Nilikuwa chini ya ghala na mdogo wangu. Nilimziba mdomo asilie, wasitusikie. Walipokuja kututoa, alikuwa kimya, na hakuamka tena.

Nilipoinua macho, tabasamu lilikuwa bado usoni mwake, kwa kuwa uso haukuwa umepata habari. Kisha mkono wake wa kulia ukanyanyuka polepole, ukamziba mdomo mwenyewe. Nje mbuzi walikuwa wanalia, nikatamani walie zaidi.

Mwene akangoja sana. "Bibi," akasema, "hayo ni yako?"

Akautoa mkono. "Ni yangu."

"Na ya mafuta?"

"Ya mafuta ni ya huyu." Hakunionyesha kwa kidole. "Yalikuwa mepesi, Mwene. Nikayabeba."

Shauri likakatwa palepale. Mwene alisema kitabu si shahidi, na kwamba mtu asiyeonekana na yeyote akifungua mlango hawezi kuwapokonya wajukuu zake kahawa. Eliya alivaa kofia akaondoka bila kuaga. Lazaro alinipa mkono, si kwa furaha, akaenda shambani kwake. Wanawe waliendelea kuitwa Mafuta mpaka walipokuwa watu wazima. Hukumu ya baraza haiingii uwanja wa shule. Mzee Yesaya, niliposimulia, hakunilaumu. Alisema tu tuchape upya, mstari ule ukae ukurasa wa kwanza, juu kabisa, na nikate sentensi moja ya vita ili upate nafasi. Nilikata ile ya kiwiko.

Lakini siku ile ya baraza nilimsindikiza Bibi Ana kurudi Isansa. Mjukuu wake alitangulia na mkeka. Nilitaka kumshika mkono kwenye mteremko, akausogeza pembeni. Tulikwenda hivyo hadi kwenye kivuko cha kijito, hapo akasimama kupumua.

"Ulikuja kwangu mara sita," akasema.

"Sita, Bibi."

"Ukauliza tulikula nini. Ukauliza jua. Ukauliza mlango. Nikakupa vyote. Jina lake hukuuliza."

Machozi yalinitoka nikayaacha. Kisha nikafanya nililopaswa kufanya miaka minne kabla, nikamwuliza mdogo wake aliitwa nani.

"Sekela." Alilisema taratibu, kama mtu anayejaribu kama bado linatoka. "Alikuwa na meno mawili tu, ya chini." Akaufungua mkono wake wa kulia, akanionyesha kidole cha shahada. "Aliniuma hapa. Aliuma kwa nguvu, halafu akaacha."